Jinsi ya Kupanga Ziara ya Makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa

Wageni wengi wa Ngome ya Yesu huingia langoni, hupiga picha wakiwa wamekalia mzinga, hupanda ukutani kuitazama bahari, kisha hutoka kabla ya saa moja kwisha. Hakuna ubaya katika kupiga picha, lakini anayelipa kiingilio cha makumbusho na kuondoka na mandhari ya bahari pekee angeweza kwenda ufukoni Mama Ngina akaitazama bahari hiyo hiyo bila malipo. Mwongozo huu unamlenga yule anayetaka kutoka pale akiifahamu pwani kuliko alivyoifahamu alipoingia: mkaazi wa Kisauni au Changamwe ambaye mara ya mwisho aliingia akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mzazi anayewapeleka wanawe wakati wa likizo, au mgeni anayetoka bara, Tanga au Unguja. Ushauri wote uliomo humu umejengwa juu ya jambo moja, nalo ni kwamba ziara hii humfaa zaidi aliyekuja na swali lake, kisha akapanga saa, njia na kumbi kwa kulifuata swali hilo.

Hatua ya kwanza: Chagua swali kabla ya kuchagua siku

Ngome hii imepitiwa na watawala wengi, na anayetaka kuwajua wote kwa siku moja huishia kuchanganya majina. Kwa hiyo anza nyumbani kwa kuushika mfululizo wa matukio, hata kwa juu juu.

Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, akapokewa kwa uadui, akaendelea hadi Malindi alikopata mwenyeji wa kumkirimu. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteketeza mji wa Mombasa, wakaushambulia tena mwaka 1528, na mwaka 1589 wakawashinda Waturuki waliokuwa wameweka makao hapa. Ndipo mwaka 1593 ujenzi wa ngome ukaanza kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno, kwa kufuata ramani ya msanifu Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na sehemu yake kubwa ikakamilika mwaka 1596. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtoto wa mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliwageuka walezi wake, akamuua kapteni wa ngome na kuitwaa. Wareno walirudi mwaka uliofuata. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Wareno waliipata tena kwa muda mfupi kati ya mwaka 1728 na 1729, kisha ukaja wakati wa ukoo wa Mazrui, walioanza kama maliwali wa Oman na kuishia kujitawala wenyewe, hadi Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipowashinda mwaka 1837. Waingereza waliifanya jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 ngome ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Ukiisha kuyasoma hayo, jiulize ni kipi kati yake kinachokuwasha. Mpenda vita anaweza kuuliza jinsi ngome iliyojengwa kuhimili mizinga ilivyoangushwa na njaa na maradhi, na ni nani hasa waliokuwa wakiilinda mwishoni. Jibu litamshangaza, kwa maana sehemu kubwa ya waliosimama ukutani katika miezi ile hawakuwa Wareno bali Waswahili, na kuna wakati ulinzi wote ulikuwa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na watu wake. Mpenda ushairi anaweza kuja na Muyaka bin Haji kichwani, aliyewatungia Mazrui na kumpinga Sayyid Said, akatafuta mahali walipoketi watawala aliowasifu. Mfanyabiashara wa Marikiti anaweza kuuliza watu wa pwani waliuziana nini na nani kabla Mreno hajafika, na kwa maoni yangu hili ndilo swali bora kuliko yote, kwa sababu jengo lenyewe ni la Kireno lakini vitu vilivyomo ndani, kwa wingi wake, vinasimulia habari za miji ya Waswahili iliyokuwapo karne nyingi kabla ya jengo hilo. Liandike swali lako kwenye simu. Maswali mawili yanatosha. Ukifikisha matano umerudi pale pale pa kutokuwa nalo.

Hatua ya pili: Siku na saa

Makumbusho huwa wazi kila siku, wikendi na sikukuu zikiwemo. Asubuhi ndiyo saa yake, kwa sababu nusu ya ziara ni ya kutembea juani, juu ya kuta na katika uwanja usio na kivuli kikubwa. Msimu wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, joto la adhuhuri hapa si la kuchezewa, na mgeni wa kutoka Nyahururu au Arusha aliyezoea baridi atalihisi mapema kuliko mwenyeji. Kuanzia Aprili hadi Juni ni masika, na Mei mvua hunyesha kweli kweli. Hata hivyo wakati huo ngome hutulia, na mtu anayependa kukaa mbele ya kabati moja la vyombo bila kusukumwa atafurahi zaidi kuliko Desemba.

Likizo za shule za Aprili, Agosti na Desemba huleta mabasi ya wanafunzi, ambao kwa kawaida hufika asubuhi katikati. Ukitaka kuwapisha, wahi mlango unapofunguliwa, au njoo alasiri jua linapopungua. Siku za Idi familia hujaa. Katika mwezi wa Ramadhani ziara inawezekana kama kawaida, ila usitarajie kupata chakula kwa urahisi Mji wa Kale mchana. Jambo la busara ni kuingia ngomeni alasiri, kisha kubaki mtaani hadi wakati wa kufuturu, vyakula vinapotandazwa barazani. Ijumaa zingatia wakati wa swala, kwa sababu mitaa jirani hujaa watu na baadhi ya maduka hufungwa kwa muda.

Hatua ya tatu: Malipo na mizigo

Viingilio vimegawanywa kwa makundi: raia wa Kenya, raia wa nchi za Afrika Mashariki, wakaazi, wageni wa mbali, na watoto kwa watu wazima. Tofauti baina ya kundi na kundi ni kubwa, hivyo kila mtu mzima achukue kitambulisho au pasipoti, la sivyo ubishi wa langoni utakula muda wake. Viwango hubadilishwa mara kwa mara na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Viangalie kwenye tovuti yao siku chache kabla ya safari badala ya kutegemea bei ulizoambiwa na rafiki aliyekwenda zamani. Malipo ya huduma za serikali siku hizi hupitia eCitizen, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na M-Pesa ina salio, usije ukajikuta una noti mfukoni zisizo na kazi.

Beba maji, kofia, na viatu vya kufunga visivyoteleza, kwa sababu ngazi na miteremko ya mawe ya matumbawe imelainishwa na nyayo za miaka mingi. Vaa nguo za heshima, hasa ukikusudia kuendelea Mji wa Kale. Mzee mwenye maumivu ya magoti anaweza kuuona uwanja na kumbi za chini bila taabu kubwa. Ngazi za kupanda kwenye kuta ndizo zitakazomkatalia, na ni vyema familia ikubaliane mapema nani atabaki naye kivulini.

Walimu wanaoleta wanafunzi wawasiliane na ofisi ya elimu ya makumbusho kabla ya kufunga safari, wapange saa ya kufika na kuomba mtu wa kuwaongoza watoto. Anayekuja kwa utafiti, yaani kupima, kuchora au kutazama vitu vilivyohifadhiwa ghalani, hahesabiwi kuwa mgeni wa kawaida. Anahitaji kibali cha utafiti na ruhusa ya maandishi.

Hatua ya nne: Kufika

Ngome iko ncha ya mashariki ya kisiwa, mwisho wa barabara ya Nkrumah, mahali Mji wa Kale unapoanza. Kutoka katikati ya mji, tuktuk ndiyo njia rahisi kuliko zote: patana bei kabla ya kupanda. Anayetoka Nyali, Bamburi au Mtwapa apande matatu hadi mjini, kisha amalizie kwa tuktuk au kwa miguu. Anayetoka Likoni avuke feri kwa miguu, kwani anayetembea havukishwi kwa malipo na foleni ya magari inaweza kumla asubuhi nzima. Mwenye gari lake binafsi ajue kuwa mitaa ya Mji wa Kale ni myembamba, hivyo aliegeshe karibu na ngome, asijaribu kuingia nalo ndani.

Abiria wa treni ya SGR kutoka Nairobi hushuka Miritini, nje ya kisiwa, na bado atakuwa na safari ya kuingia mjini. Aliyepanda treni ya asubuhi hufika Mombasa alasiri, na kwa hivyo asiipange ngome kwa siku hiyo hiyo. Alale, aamke, anywe chai kwa mahamri na mbaazi, ndipo aende.

Hatua ya tano: Lisome jengo kwanza

Ukiwa nje ya lango, kabla hujaharakisha kuingia, tazama chini na pembeni. Ngome haikuwekwa juu ya mwamba tu. Sehemu yake imechongwa ndani ya mwamba wenyewe wa matumbawe, na handaki lililoizunguka upande wa nchi kavu lilichimbwa humo humo. Eneo lote, pamoja na handaki, ni takribani hekta 2.36, kwa hiyo hutachoka kwa umbali, utachoka kwa jua. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno yanayomsifu Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni aliyekuja baada ya maasi ya Yusuf bin Hasan. Ni maneno ya mtu aliyetaka kuwakumbusha wapitaji nani ameshinda, nayo yanafaa kusomwa kwa jicho hilo.

Hapo langoni utakutana na watu watakaojitolea kukuongoza. Mwongozaji mzuri ana thamani, hasa kwa anayekuja mara ya kwanza, kwa kuwa maelezo yaliyobandikwa ukutani ni mafupi. Mwombe akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi, mkubaliane ujira kabla ya hatua ya kwanza, kisha mwambie swali lako ulilokuja nalo. Atakayekusikiliza na kubadilisha njia yake kwa ajili ya swali hilo ndiye wa kwenda naye.

Baada ya kuingia, panda kwenye kuta kwanza, asubuhi ikiwa bado ina upepo. Cairati aliipa ngome buruji nne, yaani sehemu za ukuta zilizochomoza pembeni: São Filipe na São Alberto upande wa bara, São Matias na São Mateus upande wa bahari. Simama kwenye ukingo wa buruji yoyote utazame kando ya ukuta, si mbele yake. Utaona kwamba kutoka pale askari angeweza kumpiga adui aliyefika hadi chini ya ukuta wa jirani yake, na kwamba kuta zimekunjwa ili pasiwe na pembe ya kujibanza. Hiyo ndiyo elimu ya vita iliyokuwa mpya Ulaya karne ya 16, na ndiyo iliyoifanya ngome kuwa mfano unaotajwa duniani. Ukiishaelewa hivyo, kuzingirwa kwa mwaka 1696 kunapata maana, maana Waomani hawakuhitaji kuubomoa ukuta huu. Iliwatosha kuuzunguka na kungoja.

Teremka uwanjani. Hapo kuna mabaki ya kanisa, kisima, birika la kuhifadhia maji, na mifupa ya nyangumi ambayo watoto hawaisahau. Usilipite birika kwa haraka: ngome iliyozingirwa huishi au hufa kwa maji yake, na kila jeshi lililokaa humu lililijua hilo. Upande wa baharini itafute Njia ya Matao, iliyochongwa ndani ya mwamba kuelekea majini, ambayo kupitia kwake watu na mizigo viliweza kuingia kutoka baharini bila kuzunguka mjini.

Hatua ya sita: Ingia kumbini jua linapopanda

Kuanzia saa tano hivi, kaa ndani. Ukumbi mkuu uko upande wa kusini, mahali palipokuwa na makaazi ya askari wa Kireno, na hapa ndipo watu wengi hupita kwa mwendo wa kwenda msalani. Wewe punguza mwendo. Makabati yana vyombo vilivyochimbuliwa kutoka magofu ya pwani kama Gede, Manda na Ungwana: kauri za Kichina, nyingine za kijani kibichi na nyingine nyeupe zenye michoro ya buluu, na vyombo vilivyong'arishwa kutoka nchi za Ghuba na Uajemi. Manda ilikuwa mji wa biashara tangu karne ya 9, na kwa hiyo vyombo vya ng'ambo vilikuwa vikishuka jahazini miaka mia sita na zaidi kabla ya Vasco da Gama.

Macho ya mgeni huvutwa na kauri, na ni haki yake, lakini nakusihi utafute pia vyungu vya kienyeji visivyong'aa. Katika machimbo ya pwani, sehemu kubwa kabisa ya vigae vinavyookotwa ni vya vyungu vya aina hiyo, vilivyofinyangwa na kuchomwa hapa hapa, na hivyo ndivyo vinavyoonyesha watu walikuwa ni nani na walipika vipi. Kauri zilikuwa pambo na fahari. Nyingine zilipachikwa kwenye kuta za nyumba, misikiti na makaburi. Mwenye swali la biashara aweke kauri na chungu pamoja akilini, kwani kimoja kinamweleza mnunuzi na kingine kinamweleza mwenyeji.

Vitu vya Santo António de Tanna ni vya kutazamwa kwa makini. Hii ilikuwa meli ya kivita ya Kireno iliyotumwa kutoka Goa kuisaidia ngome wakati wa kuzingirwa, ikazama mbele yake mwaka 1697. Wapiga mbizi na wanaakiolojia walifanya kazi juu ya mabaki yake mwishoni mwa miaka ya 1970, na vilivyotolewa baharini ni vitu vya watu wa kawaida sawasawa na vya vita. Aliyekuja na swali la kuzingirwa aanzie hapa, halafu arudi tena ukutani kulitazama lile eneo la maji ilikozama.

Tafuta pia michoro ya ukutani iliyochorwa na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Kuna majahazi, samaki, watu waliovaa mavazi ya vita, hata kinyonga. Ni kazi ya vijana waliochoshwa na zamu, na kwangu inasema mengi kuliko maandishi ya langoni.

Sehemu ya Wamijikenda nayo isikosekane, hasa vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya wazee waliofariki. Wazazi wawaeleze watoto kwamba hivi ni vitu vya kuwakumbuka wafu wa familia zilizo hai hadi leo, na vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo. Kwa hiyo wasivicheke wala kuvigusa. Ukumbi wa Mazrui, wenye mabaraza yake ya mawe na maandishi ya kale, na Nyumba ya Waomani iliyojengwa karne ya 18 juu ya buruji ya São Filipe, yenye vito na silaha, vinaweza kufuatana. Mpenda Muyaka akae kidogo kwenye ule wa kwanza.

Kuhusu picha, uwanjani piga utakavyo, na kumbini zima mwanga wa kamera. Ndege zisizo na rubani zinahitaji ruhusa rasmi.

Kwa watoto wa chini ya miaka kumi, saa moja na nusu ndiyo kikomo, nayo itumike hivi: mizinga, nyangumi, birika, kisha kabati moja tu la vyombo ambalo kila mtoto achague bakuli lake na kulichora. Mtu mzima mwenye swali ajipe saa tatu.

Hatua ya saba: Uendelee Mji wa Kale, au uishie hapo

Ukitoka, shika Ndia Kuu. Utapita nyumba zenye roshani za mbao na milango ya nakshi, na mbele kidogo upo Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570, yaani uliokuwapo kabla ya ngome yenyewe. Ni mahali pa ibada, kwa hiyo utazame kwa nje na usiwapige picha watu bila kuwaomba. Chini ukingoni ni bandari ya zamani, na karibu nayo Leven House, inayobeba jina la meli ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyetangaza himaya ya Uingereza hapa mwaka 1824, himaya iliyofutwa mwaka 1826. Viazi karai, mihogo na madafu havitakukosa njiani.

Ikiwa swali lako limebaki na kiporo, usirudi ngomeni siku ya pili. Aliyevutiwa na kauri na biashara aende Gede, karibu na Watamu, au Jumba la Mtwana kule Mtwapa, ambalo ni karibu zaidi na linamalizika kwa nusu siku. Aliyevutiwa na vigango aelekee Rabai, ambako pamoja na habari za kaya, yaani makazi matakatifu ya kale ya Wamijikenda, ataona kituo cha wamishenari kilichoanzishwa na Johann Ludwig Krapf mwaka 1846. Kila mahali hapo pana kiingilio chake, hivyo kitambulisho kisiachwe hotelini.